Utafiti wa nano unamkana muuza mafuta

Wiki tatu zilizopita nilikuwa Marikiti kununua iliki na mdalasini, macho yakaangukia chupa ndogo nyeusi zilizopangwa kando ya gunia la bizari. Kibandiko kilisema MAFUTA YA KARAFUU NANO. Chini yake, kwa mwandiko wa kalamu: "saratani, kisukari, presha, mgongo". Mililita 30 kwa shilingi 1,500. Pembeni, umetiwa plastiki kama kitambulisho, ulining'inia ukurasa mmoja wa utafiti kwa Kiingereza, mistari miwili imepakwa wino wa manjano.

"Mwalimu, hapa hakuna porojo," akaniambia muuzaji. Ananijua tangu nilipokuwa nikifundisha kemia. "Soma mwenyewe. Wazungu washathibitisha."

Nikasoma. Kwanza, utafiti ulikuwa wa habasoda, si karafuu. Pili, walioufanya walikuwa watu wa Malaysia. Hayo ningeyasamehe. Lililonikaa moyoni ni la tatu: ukurasa alioutundika umtetee ulikuwa ukimkana mbele ya wateja wake, ila hakuna aliyeusoma kupita ile mistari ya manjano.

Mtu anayechukua mafuta ya mmea akayafunga ndani ya chembe za shahamu ndogo kuliko bakteria, ndizo ziitwazo nano, kama walivyofanya watafiti wale, hafanyi vile kwa madoido. Ameyaona mafuta matupu hayafiki. Tafiti za namna hii karibu zote hufungua kwa malalamiko yale yale: mafuta hayachanganyiki na maji, hupaa, huharibiwa na mwanga na hewa, na yakimezwa ini huyavunjavunja kabla hayajaona uvimbe. Kuutumia utafiti huo kuuza mafuta matupu ni sawa na kuonyesha picha ya feri ili kuthibitisha kwamba Likoni huvukwa kwa kutembea juu ya maji.

Hili huna haja ya kuliamini kwa kuambiwa. Tia tone la mafuta ya karafuu katika bilauri ya maji. Halitaelea kama mafuta ya nazi. Litazama, kwa sababu yujenoli, ambayo ni kama asilimia 70 hadi 90 ya mafuta hayo, ni nzito kuliko maji. Litalala chini pale kama jicho la samaki. Koroga: litavunjika vitone, kisha vitone vitatafutana na kuungana tena. Muda wote huo jiko zima linanuka karafuu, maana yake sehemu ya hiyo "dawa" ishaondoka majini na iko puani mwako. Ndiyo sababu wanakemia huyaita mafuta tete. Na damu, kwa sehemu kubwa, ni maji.

Sasa tazama tui. Nazi ikikunwa na kukamuliwa, mafuta yake hayajitengi papo hapo. Yanaelea vitone vitone, kila kitone kimevikwa ngozi nyembamba ya protini inayokizuia kushikana na mwenzake. Ukizidisha moto bila kukoroga ile ngozi inapasuka, mafuta yanapanda juu, na mpishi anajua tui limekatika. Chembe-nano ya shahamu ni tui la maabara. Tofauti kubwa ni ukubwa. Kitone cha tui kingekuwa sawa na nazi iliyofuliwa, chembe tunayoizungumzia ingekuwa punje ya mtama.

Namna ya kuitengeneza inavutia zaidi ya jina lake. Shahamu ngumu, jamaa wa nta ya mshumaa, huyeyushwa. Mafuta ya mmea hutiwa humo, kisha mchanganyiko humiminwa katika maji moto yenye lesithini ya soya na vitu vingine vilivyo ndugu wa sabuni, ukapigwa kwa mashine ya shinikizo au mawimbi ya sauti mpaka vitone vikafika nanomita 100 au 200 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Ikipoa, kila kitone huganda na harufu imefungiwa ndani. Aliyewahi kuangalia samli ikiganda atalijua tatizo la kwanza lililowatesa watafiti katika miaka ya 1990: shahamu safi ikikaa hujipanga kwa fuwele, fuwele zikabanana, mafuta yakakamuliwa nje. Suluhisho lilikuwa kuchanganya shahamu ngumu na mafuta yasiyoganda ili mpangilio uwe ovyo na nafasi zibaki. Nalipenda sana hilo. Fujo ya makusudi ndiyo inayoshika harufu. Na hayo mafuta yasiyoganda, mara nyingi, asili yake ni nazi au mawese.

Kwa hiyo hapa tuna mzigo na tuna hamali. Mombasa haihitaji kufundishwa tofauti yake. Shehena inaweza kuwa ya thamani kiasi gani, bila mtu wa kuitoa chomboni, kuipitisha forodhani na kuifikisha ghalani, itaozea gatini. Historia ya tiba ya saratani imejaa shehena za namna hiyo, na mfano ulio karibu nami kuliko yote ni wa mama yangu mdogo.

Miaka minne iliyopita aliambiwa ana saratani ya titi. Akakaa miezi mitatu Kibokoni akinywa habasoda na karafuu, kijiko asubuhi na kijiko jioni, uvimbe ukitoka ukubwa wa kunazi ukawa ndimu. Sababu yake ilikuwa moja: hataki kemikali, anataka mmea. Alipokubali kwenda kliniki, nilikuwa nimekaa kando ya kiti chake siku ya dripu ya paklitakseli, dawa ya saratani.

"Mama," nikamwambia, "hii unayotiliwa asili yake ni gome la mti."

"Usinifanyie mzaha, mwanangu, hali yangu unaiona."

Si mzaha. Magome ya mti wa pwani ya magharibi ya Marekani yalianza kukusanywa mwaka 1962. Umbo la molekuli likachapishwa 1971. Dawa ikaruhusiwa Marekani 1992. Miaka 30. Sehemu ya kuchelewa huko ilikuwa uhaba wa magome, na sehemu ilikuwa jambo lile lile la bilauri yetu: paklitakseli haikubali maji. Ikabidi iyeyushwe kwa pombe na mafuta ya mbarika yaliyobadilishwa kikemia, na hayo mafuta ya mbarika yakaleta shida yake, kwani baadhi ya wagonjwa mwili uliyapinga kwa mzio mkali. Ndiyo maana muuguzi alimdunga mama dawa za kuzuia mzio kabla ya dripu kuanza. Hamali mbovu naye huumiza. Mmea ulikuwa mzuri tangu siku ya kwanza. Kilichokula miaka, kwa sehemu, ni usafiri.

Mfano wa pili unaota wenyewe hapa mjini, kwenye nyua na kando ya makaburi: lile ua dogo la waridi au jeupe lenye petali tano, asili yake Madagaska. Ndani yake mna vinkristini, dawa ya saratani ya damu iliyoruhusiwa Marekani tangu 1963. Baadaye ikatengenezwa aina iliyofungwa katika vifuko vya shahamu, ikaruhusiwa kwa masharti mwaka 2012. Mwaka 2022 ruhusa ikaondolewa, kwa kuwa jaribio lililotakiwa kuthibitisha faida yake halikukamilika. Ua lile lile, dawa ile ile, hamali mpya, na bado hesabu haikutimia. Nalitaja hili kwa sababu wapenzi wa nano huwa hawalitaji.

Nisije nikaonekana nabeza. Vifuko vya shahamu si ndoto. Mwingereza Alec Bangham alivieleza katika miaka ya 1960. Mwaka 1995 Marekani iliruhusu Doxil, dawa kali ya saratani iliyofungwa humo, na faida yake iliyo wazi zaidi ilikuwa kuupunguzia moyo madhara. Na ukichanjwa Pfizer au Moderna wakati wa Korona, basi ulishadungwa chembe za shahamu begani. Bila hizo, ujumbe uliomo kwenye chanjo ungeharibika kabla ya kuingia ndani ya seli. Hamali wa shahamu anajua kazi. Swali ni kama anaweza kuubeba mzigo huu, wa mafuta yanukiayo, hadi kwenye uvimbe wa mtu.

Hapo ndipo uchambuzi unapokuwa mgumu, na ndipo magazeti yanapopenda kukimbia.

Katika sahani ya maabara, mafuta haya huua seli za saratani kweli. Yujenoli ya karafuu, sitrali ya mchaichai, thaimokwinoni ya habasoda: zote zina tafiti. Watu wa Chuo Kikuu cha Putra Malaysia walifunga thaimokwinoni katika chembe za shahamu na kuijaribu juu ya seli za saratani ya titi na ya shingo ya kizazi. Lakini fikiria jaribio lenyewe lilivyo. Seli za saratani ya titi zinazotumika sana zilitolewa kwa mgonjwa mmoja huko Marekani miaka ya 1970 na zimekuzwa chupani tangu hapo. Unazimwagia dawa, unangoja siku moja au mbili, unatia rangi inayogeuka zambarau pale seli zilipo hai. Zambarau ikififia, dawa "imefanya kazi". Hakuna ini pale, hakuna figo, hakuna damu inayopita. Hata sabuni ya kufulia ingefifisha zambarau. Tena chembe zenyewe zimetengenezwa kwa ndugu wa sabuni, ndiyo maana mimi nikisoma tafiti hizi huanza kutafuta jambo moja: je, walijaribu chembe tupu, isiyo na mafuta? Wasipojaribu, sijui nani kaua, mzigo au hamali.

Tuseme ni mzigo. Sasa uchukue umdunge mtu. Chembe zikiingia tu kwenye damu hufunikwa na protini, na ini pamoja na wengu, ambazo kazi yao ni kukamata takataka, huzikamata. Imani iliyoushika uwanja huu tangu Wajapani Matsumura na Maeda walipoandika mwaka 1986 ni kwamba mishipa ya damu ya uvimbe huvuja, hivyo chembe zitapenya humo na kukwama. Ni kweli, kwa panya zaidi kuliko kwa binadamu. Mwaka 2016 kundi la Chuo Kikuu cha Toronto lilikusanya tafiti za miaka kumi na kupima ni kiasi gani cha chembe zilizodungwa hufika ndani ya uvimbe. Kiwango cha kati kilikuwa asilimia 0.7. Wapakie mahamali 1,000, saba ndio wafikao. Wengi wa waliobaki wamezuiliwa forodhani, ndani ya ini.

Mafuta tete yana balaa lake la ziada. Molekuli zake ni ndogo na hazitulii. Chembe inaweza kufika salama huku mzigo ukiwa ulishavuja njiani katika saa chache za mwanzo. Hamali anabisha hodi na gunia tupu.

Na kwa binadamu? Hapa orodha ni fupi. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya Saudi Arabia, wagonjwa wa saratani iliyokwisha kushindikana walipewa thaimokwinoni kwa kumeza, kipimo kikipandishwa hadi miligramu 2,600 kwa siku. Waliivumilia bila madhara makubwa. Saratani nayo haikushtuka. Limonini ya maganda ya machungwa ilijaribiwa Uingereza katika miaka ya 1990, ikaonekana yavumilika, lakini tiba haikuzaliwa. Jamaa yake, perili alkoholi, ilimezwa katika majaribio ya Marekani, tumbo likawachafuka wagonjwa. Madaktari wa Brazil wakageuza njia, wakawapa wagonjwa wa uvimbe wa ubongo waivute kwa pua. Hilo la Brazil naliona ni la akili kuliko mengi, kwa sababu hawakusifu mmea, walihangaikia njia. China nayo tangu miaka ya 1990 imeruhusu sindano ya elemini, inayotolewa katika mmea ulio ndugu wa manjano yetu, na hata aina iliyofungwa kwa shahamu. Wachunguzi wa nje wamekuwa wakilalamika kwamba majaribio yake mengi ni dhaifu.

Ukiyaweka pamoja unapata picha ambayo si ya furaha wala si ya kukata tamaa. Uwezo umo ndani ya mimea. Ushahidi kwa watu hai ni mdogo. Hamali wa shahamu huenda akasaidia zaidi pale safari inapokuwa fupi: kwenye ngozi, mdomoni, puani, mapafuni, au pale mafuta yanapotumwa pamoja na dawa ya kawaida ili kipimo cha dawa kali kipungue. Ningekuwa na fedha za utafiti, ningezielekeza huko, wala nisingepoteza hata senti kuthibitisha kwa mara ya mia kwamba karafuu huua seli za kwenye sahani.

Wako watakaoniuliza kuhusu hadithi ya Mtume juu ya habasoda, kwamba ni dawa ya kila ugonjwa isipokuwa mauti. Nimelelewa nayo, na mtungi wake upo rafuni kwangu. Siikanushi. Nasema tu kwamba aliyeumbiwa dawa akaachiwa kazi ya kutafuta namna ya kuifikisha hajadhulumiwa.

Linalonitia hofu ni kijiko. Watu husema mafuta ya mmea "hayadhuru" kana kwamba karafuu ya kwenye pilau na mafuta ya karafuu ni kitu kimoja. Majarida ya udaktari yana kisa cha mtoto wa miezi 15 aliyekunywa kama mililita 10 za mafuta ya karafuu, ini likaanguka. Alitibiwa kwa dawa ile ile wanayopewa waliozidisha paracetamol. Chupa ya Marikiti ilikuwa na mililita 30. Tena ini hilo hilo ndilo linalotakiwa kuishughulikia paklitakseli ya mgonjwa, na viambato vya mimea vinaweza kuvuruga kasi ya kazi hiyo. Mama mdogo hakumwambia daktari habari ya vijiko vyake mpaka dripu ya tatu. Aliona haya. Daktari hakumkaripia, aliandika tu kwenye faili, akamwomba asimamishe kwanza.

Kenya, kwa makadirio ya kimataifa ya 2022, ilipata wagonjwa wapya wa saratani 44,726, na waliofariki walikuwa 29,317. Nyuma ya pengo dogo namna hiyo kati ya nambari mbili mna watu wengi waliofika kliniki wakiwa wamechelewa, na ndiyo sababu miezi mitatu ya mama yangu siioni kuwa jambo la familia moja. Chanjo ya kukinga saratani ya shingo ya kizazi ilizinduliwa kitaifa hapa hapa Mombasa, Oktoba 2019, na bado wako wazazi wanaoikimbia sindano hiyo huku wakinunua chupa nyeusi.

Kuna upande wa biashara ambao sitaumaliza leo. Pemba, kwenye kiwanda cha makonyo cha Wawi, makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, na majani ya mkarafuu hukamuliwa mafuta. Nazi tunayo sisi. Yaani mzigo upo, na sehemu ya malighafi ya hamali ipo. Mashine ya kuvifunga pamoja ndiyo adimu, na watu wa kuiendesha. Haiwezekani? Afrigen ya Cape Town, iliyochaguliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, ilitengeneza chanjo yake ya majaribio ya chembe za shahamu mwaka uliofuata. Kwa hiyo hoja ya kwamba Mwafrika hawezi kushika kazi hii imekwisha. Imebaki hoja ya nani atalipa.

Nirudi Marikiti. Nilimuuliza muuzaji mafuta yake ameyafunga kwa shahamu gani. Akafikiri.

"Nazi safi, ya Kilifi."

"Umeyafunga, au umeyachanganya?"

"Mwalimu, si yamo chupani? Chupa imefungwa."

Nilicheka, naye akacheka. Kisha akaniomba nimsomee ule ukurasa kwa Kiswahili. Nikausoma polepole, na watu wawili watatu wakasimama kusikiliza: kwamba kiambato kikiwa peke yake hakiyeyuki vizuri majini, kwamba mwili hukipokea kwa shida, kwamba kwa sababu hiyo wamelazimika kukifunga, na kwamba jaribio lote lilifanyika kwenye seli za maabara. Nilipofika hapo akanyamaza kidogo, akaugeuza ukurasa aone kama kuna kitu nyuma. Nyuma palikuwa peupe.

"Lakini mafuta wameyataja," akasema.

"Wameyataja."

Akaurudisha ukurasa kwenye msumari wake, akanipimia iliki, gramu 50. Nilipokuwa nasubiri chenji, mama mmoja wa buibui aliyekuwa nyuma yangu muda wote alinyoosha noti kupita begani mwangu.

"Nipe mbili," akasema, "na moja ya dada yangu."